Mfamasia afike mpaka nyumbani kwa mgonjwa: tupeane mbinu za kazi, vijiji vya Tanga

#1 Mfamasia_Bonde (mwanzisha uzi), Muheza

Wakuu, habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa wenzangu wa famasi, wateknolojia dawa, watoa dawa wa DLDM (Duka la Dawa Muhimu), wauguzi wa zahanati na WAJA (wahudumu wa afya ya jamii) wa mkoa wetu. Naomba tuongelee kazi yenyewe, inafanywaje. Uhaba wa watu tunaujua wote.

Hali ilivyo: zahanati nyingi za Kilindi, Handeni, Mkinga na kule juu Lushoto, dawa hutolewa na mganga au muuguzi yuleyule aliyempima mgonjwa. Mfamasia yuko hospitali ya wilaya au mjini. Dawa ikishatoka dirishani, hakuna mwenye taaluma ya dawa anayeiona tena. Na kazi yenyewe iko huko inakoenda: mzee wa presha na sukari mwenye dawa za vituo vitatu, aliyepooza anayesagiwa vidonge, mgonjwa wa saratani, kijana wa kifafa. Msimamo wangu ni kwamba mfamasia haendi nyumbani kupeleka dawa. Kupeleka hata bodaboda anaweza. Anaenda kukagua dawa zilizokwisha kuwemo ndani ya nyumba.

Namna ya kukagua. Ukishasalimia na kukaa, omba dawa ZOTE zitolewe. Usiseme "dawa zako", maana utaletewa bahasha moja ya kliniki. Taja mahali: chini ya mto, juu ya kabati, kwenye kopo la jikoni, kwenye pochi, alizopewa na jirani, chupa za mizizi, dawa za kuchua, vidonge vya dukani. Zitandaze kwenye mkeka, zigawe mafungu matatu: anazotumia leo, alizoachishwa au kubadilishiwa, na zilizokwisha muda au zisizo na jina. Kisha chukua daftari la kliniki ulinganishe moja moja. Hapo ndipo utakuta amlodipini (dawa ya presha) mbili za majina tofauti ya kiwanda, zote zinamezwa kwa sababu maboksi hayafanani. Au utakuta nifedipini ya zamani inaendelea pamoja na amlodipini aliyoandikiwa badala yake.

Baada ya hapo hesabu vidonge. Mfano: alipewa metformini (ya sukari) 60, viwili kwa siku, na siku 24 zimepita. Alipaswa kumeza 48, vibaki 12. Ukikuta 26, amemeza 34, sawa na asilimia 71. Chini ya 80 usikubali mtu aseme dawa imeshindwa. Tafuta sababu kwanza: zinamchafua tumbo, anaogopa, zinagawanywa na mwenzake, au anameza siku anayojisikia vibaya tu. Hatari ya kuruka hesabu hii ni kubwa. Kliniki itaona presha haijashuka, itaongeza dozi. Siku mgonjwa akiamua kumeza zote kama zilivyoandikwa, anaanguka.

Kwa waliopooza baada ya kiharusi, uliza swali moja zaidi: vidonge mnavipaje? Vingi vinasagwa na kuchanganywa na uji. Amlodipini ya kawaida haina shida. Nifedipini ya kutoka polepole ikisagwa, dawa ya saa 12 au zaidi inaingia mwilini kwa pamoja na presha inaporomoka. Metformini ya kutoka polepole na valproati ya kifafa yenye ganda nazo zisisagwe. Dawa yo yote ya namna hiyo, mpigie aliyeandika abadilishe aina.

Karibuni tuendelee.

---

#2 Mtoadawa_Mkata

Asante kwa uzi, mkuu. Upande wa DLDM naomba tusisahaulike. Tangu mfumo huu uanze kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, sisi ndio tuliopo kijijini mpaka usiku. Orodha yetu ya dawa za cheti ni fupi na haipaswi kuvukwa, lakini macho tunayo. Mtoa dawa anajua nani ananunua nini kila wiki.

Dawa ninayoiona inakwenda sana kwa wazee ni ya maumivu ya mgongo na magoti, hasa diklofenaki. Wanalima, wanabeba kuni, wanaumwa kweli. Wengi wao wana kadi za presha. Naomba maelezo ambayo mtoa dawa anaweza kumpa mteja mwenye losatani na haidroklorothiazaidi akaelewa.

---

#3 Mfamasia_Bonde

Mtoadawa_Mkata, swali zuri sana.

Figo zinahitaji damu ifike kwa nguvu ya kutosha ili zichuje. Haidroklorothiazaidi inapunguza maji mwilini. Losatani inalegeza mshipa unaotoka kwenye kichujio. Diklofenaki inabana mshipa unaoingia. Zikikutana tatu, shinikizo kwenye kichujio linaanguka na figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa kiangazi au mtu akiharisha. Juu ya hapo diklofenaki inapandisha presha yenyewe, hivyo mzee anaonekana hatumii dawa kumbe anatumia. Ibuprofeni na piroksikamu ni wa familia hiyohiyo, kwa hiyo kumbadilishia mteja hizo hakumsaidii. Na sindano ya diklofenaki haina usalama zaidi ya kidonge.

Mwambie mteja hivi: "Dawa hii inagombana na dawa zako za presha na inaumiza figo. Chukua parasetamoli." Kipimo: mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, vidonge 2 vya 500 mg, visizidi mara 4 kwa siku, na angalau saa 4 kati ya dozi na dozi. Mzee mwembamba chini ya kilo 50, au mnywaji wa pombe, kidonge 1 kwa wakati. Muulize pia kama ana vidonge vya mafua, maana vingi vina parasetamoli ndani.

Kanuni ya pili iandikwe kwenye daftari lake: siku anayoharisha au kutapika hadi hawezi kushika maji, asimamishe losatani, haidroklorothiazaidi na metformini, aende zahanati, na azirudie akishakula na kunywa kawaida kwa siku moja hadi mbili. Mwandishi wa dawa akubaliane na jambo hili mapema, si siku ya ugonjwa.

Na miguu kuvimba: amlodipini inavimbisha vifundo, hasa ya 10 mg. Mara nyingi mgonjwa anaongezewa dawa ya kukojoa ili kuondoa uvimbe uliotokana na dawa. Mkague, andika tarehe uvimbe ulipoanza na tarehe dozi ilipopandishwa, mpelekee daktari. Uvimbe wa mguu mmoja, wenye maumivu au joto, ni jambo jingine. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

---

#4 Muuguzi_Pangani

Habari za kazi. Kuna kosa la vipimo vya presha majumbani linaloharibu kila kitu kinachofuata. Mgonjwa ametoka shamba, anakaa kwenye kigoda bila kuegemea, mkono unaning'inia, na bangili ya mashine inafungwa juu ya nguo. Namba inayotoka haina maana. Apumzike dakika 5, akojoe kwanza, aegemee ukuta, miguu isipishane, mkono ulale juu ya mto usawa wa moyo. Pima mara 2, dakika 1 hadi 2 katikati, andika zote. Bangili ndogo kwenye mkono mnene inasoma juu, kwa hiyo beba mbili.

Mzee anayelalamika kizunguzungu mpime pia akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, tatizo ni kwamba inashuka mno. Huyo usimwongezee kitu.

Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, angalia dalili: maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa, mdomo kupinda, upande kuishiwa nguvu, kuona giza. Zikiwepo ni dharura. Zisipokuwepo, mrudishe kwenye dawa zake na mpangie kuonana na daktari ndani ya siku chache. Tafadhali mtu asitoboe kidonge cha nifedipini chini ya ulimi. Presha ikishushwa ghafla hivyo inaleta kiharusi.

Sasa naomba wenzangu msaada: insulini bila friji. Huku pwani tunaambiwa tutumie mtungi, lakini naona kama haupozi.

---

#5 Songe_Kliniki

Dada Muuguzi, mtungi unapoza kwa maji kuyeyuka juu ya udongo. Hewa ikiwa kavu, kama huku Kilindi na Handeni miezi ya kiangazi, maji yanayeyuka haraka na ndani panapoa vizuri. Pangani, Kipumbwi au Mkwaja hewa imejaa unyevu, maji hayayeyuki, na tofauti na nje inakuwa digrii chache tu. Hukosei.

Unaofanya kazi ni mtungi ndani ya mtungi: mdogo ndani ya mkubwa, mchanga safi wa nafasi ya vidole viwili hivi pande zote, mchanga ulowekwe asubuhi na jioni. Uwekwe kivulini panapopita upepo, si ndani ya chumba kilichofungwa na kamwe si chini ya bati bila dari. Juu funika kwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Chupa ya insulini iwe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, isiguse maji, vinginevyo lebo inatoka na mpira wa chupa unaota uchafu. Mitungi isiyopakwa rangi tu, maana rangi inaziba vinyweleo. Weka kipimajoto ndani kwa siku 2 kabla ya kuiamini, ukisoma saa 8 mchana ambako joto ni kubwa.

Unachotafuta kwa chupa iliyofunguliwa ni joto lisipite 25 hadi 30 kutegemea lebo, wala si baridi ya friji. Kwa kawaida inadumu wiki 4. Soma karatasi ya ndani ya boksi kwa sababu baadhi zinaruhusu zaidi. Chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazotaka digrii 2 hadi 8. Hizo zibaki kwenye friji ya kituo, mgonjwa achukue moja moja. Kama friji iliyopo ni ya chanjo, kubalianeni na mganga mfawidhi kwanza, ina utaratibu wake. Na isigande. Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka inatupwa.

Fanyeni na hesabu hii. Chupa ya ml 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 30 kwa siku atatumia 840 kwa siku 28 na kutupa 160. Lakini anayetumia 16 kwa siku atafikisha 448 tu. Zaidi ya nusu inabaki, na hakuna mtu kijijini atakayetupa nusu chupa. Ataendelea nayo miezi miwili ikiwa imeshapoteza nguvu, sukari inapanda, dozi inaongezwa, kisha anafungua chupa mpya na dozi ileile kubwa na kuanguka usiku. Kwa mtu huyo tafuta vichupa vya kalamu vya ml 3, yuniti 300, zinazokwisha kwa siku 18.

---

#6 Mfamasia_Bonde

Songe, shukrani. Nakazia mawili hapo.

Bomba la sindano. Insulini yetu ni ya yuniti 100 kwa ml, na bomba liwe la 100. Yakija mabomba ya 40, mgonjwa akivuta hadi alama ya 20 amevuta nusu ml, yaani yuniti 50 badala ya 20. Kila ziara, mwambie avute dozi mbele yako na usome wewe alama. Usiulize tu "unachoma ngapi".

Insulini ya maziwa, ile ya mchanganyiko, izungushwe viganjani mara 10 hadi 20 mpaka iwe nyeupe sawasawa, isitikiswe kwa nguvu. Ikibaki na mabonge au chembe zimeganda kwenye kioo, imekufa. Pia papasa tumbo na mapaja: penye uvimbe mgumu wa kuchoma mahali pamoja, insulini inaingia ovyo. Ahame, na dozi iangaliwe upya kwa sababu mahali papya pananyonya vizuri zaidi.

Kila nyumba yenye insulini au glibenklamaidi (kidonge cha sukari) iwe na sukari ya mezani karibu na kitanda. Akitetemeka, kutoka jasho au kuongea ovyo: vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, rudia kama hajatengemaa, kisha ale. Asiyejitambua asimiminiwe kitu mdomoni.

---

#7 Mzee_wa_Maramba

Wanangu, mnaongea vizuri. Ila mmesahau mwezi mtukufu. Pwani hii nzima watu wanafunga, na wagonjwa wa sukari hawasemi kliniki, wanajipangia wenyewe.

---

#8 Muuguzi_Pangani

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe.

Ziara ya kabla ya Ramadhani ifanyike wiki 6 hadi 8 mapema, ili daktari apate nafasi ya kubadili dozi. Metformini ya mara mbili inahamia futari na daku bila shida. Glibenklamaidi ndiyo inayoangusha watu: dozi kubwa ya asubuhi inahamia futari, na ya jioni inakwenda daku ikiwa imepunguzwa, kwa kawaida nusu. Pale inapopatikana gliklazaidi, daktari hupenda kubadili kabisa. Dawa ya kukojoa inywewe futari, si daku, la sivyo mchana kutwa ni kiu na kizunguzungu. Wa insulini, mwenye figo mbovu, mjamzito mwenye sukari na aliyeanguka kwa sukari miezi ya karibuni wako kwenye hatari kubwa. Wasikilizwe kwa heshima na waambiwe ukweli huo.

Afungue saumu sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au ikipita 16.6. Masheikh wengi wameeleza kuwa kutoboa kidole kupima hakufunguzi, na hili likisemwa msikitini linasaidia kuliko sisi tukilisema mara mia. Mfamasia aende kwa imamu mapema.

---

#9 WAJA_Mlalo

Naomba kuuliza kuhusu mofini ya maji. Tuna mgonjwa wa saratani nyumbani, ndugu wanaogopa dawa "itamlaza moja kwa moja", wanampa siku maumivu yakizidi tu.

---

#10 Mfamasia_Bonde

WAJA_Mlalo, pole kwa kazi. Hapa Muheza huduma ya hospisi chini ya Hospitali Teule imetufundisha wengi, na jambo la kwanza ni kwamba mofini ya maumivu sugu hutolewa kwa saa, haingoji maumivu.

Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanza na 2.5 hadi 5 mg kila saa 4. Ratiba inayokaa kichwani: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili ili asiamshwe saa 8 usiku. Mzee sana au mwenye figo dhaifu huanzia chini na kwa nafasi ndefu zaidi, kama saa 6, kwa maelekezo ya aliyeandika. Maumivu yakichomoza katikati, apewe nyongeza sawa na dozi yake moja, na dozi ya ratiba inayofuata isirukwe. Nyongeza zote ziandikwe. Zikizidi mbili au tatu kwa siku, dozi ya msingi ni ndogo, mpigieni daktari.

Sasa lebo. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Ya 5 mg kwa ml 5 ina mg 1 katika kila ml. Ya 50 mg kwa ml 5 ina mg 10 katika kila ml. Kijiko kilekile, tofauti mara kumi. Kwa hiyo usiandike "kijiko kimoja". Andika mg na ml, mpe bomba la sindano lisilo na sindano, chora mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye alama yake, na ndugu avute mbele yako. Chupa ya nguvu mpya ikija, bomba la zamani liondoke nyumbani siku hiyohiyo.

Kiasi cha kutoa: 5 mg mara 6 ni 30 mg kwa siku, ml 30 za ile dhaifu. Wiki ni ml 210. Ongeza nyongeza 2 kwa siku, ml 70. Jumla 280. Ukitoa 200 wataanza kupunja siku ya nne, na ndipo maumivu yanaporudi na watu kusema dawa haifai.

Choo kitafunga. Hilo ni hakika, na mwili hauzoei. Bisakodili (dawa ya kufungua choo) 5 hadi 10 mg usiku ianze siku ileile ya mofini, isingoje. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, waambiwe mapema ili wasiache.

Kuhusu woga wao: wafundishe kuhesabu pumzi. Mgonjwa anayesinzia lakini anaamka akiitwa yuko salama. Asiyeamka na anayepumua chini ya mara 10 kwa dakika, dozi inayofuata izuiwe na mpige simu. Chupa ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, mwenye ufunguo awe mmoja, na mgonjwa akifariki iliyobaki irudishwe kituoni na kusainiwa kwenye rejesta. Isimwagwe wala kupewa jirani mwenye maumivu.

---

#11 Handeni_CTC

Naongezea la WAVIU, kifua kikuu na kifafa, kwa sababu dawa hizi hutoka madirisha tofauti na hukutana nyumbani tu.

Mwenye dolutegraviri (dawa ya VVU) akipewa metformini, metformini isizidi 1,000 mg kwa siku bila daktari kujua, kwa kuwa inarundikana. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu: ama anywe vyote pamoja na chakula, ama dolutegraviri saa 2 kabla au saa 6 baada. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu zinafunga dolutegraviri vilevile, na chakula hakiwezi kulirekebisha hilo, kwa hiyo saa 2 kabla au 6 baada. Akianza rifampisini ya TB, anahitaji dolutegraviri ya pili ya 50 mg saa 12 baada ya ile ya kwanza, mpaka wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Karbamazepini ya kifafa inashusha dolutegraviri pia, na inadhoofisha vijiti na vidonge vya uzazi wa mpango, sawa na fenobarbitoni na fenitoini. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki. Msichana wa kifafa mwenye vijiti haambiwi hili na mtu ye yote kwa sababu kliniki mbili hazionani.

Dawa za kifafa zisikatike hata siku chache. Fenobarbitoni ikisimama ghafla inaleta degedege lisilokoma. Kabla ya masika hakikisha nyumba ina akiba ya wiki 2.

Na heshima ya siri. Usiingie uani na fulana au begi lenye maandishi ya VVU. Uliza kwanza kwa simu nani yupo nyumbani, na usitandaze dawa kwenye mkeka mbele ya wageni. Kama hayuko huru, mkutane kituoni.

---

#12 Mdau_Korogwe

Nimesoma yote, nawapongeza. Lakini tuwe wakweli. Wilaya nzima ina wafamasia wa kuhesabu kwa vidole. Nani atapanda Mtae au Daluni kila mwezi? Na nani atalipa mafuta?

---

#13 Mfamasia_Bonde

Mdau, hakuna atakayemfikia kila mgonjwa, wala haihitajiki. Chagua: aliyeruhusiwa hospitali wiki hii, mwenye dawa 5 au zaidi, mwenye insulini, mwenye mofini, mwenye kifafa, mzee anayeishi peke yake. Aliyetoka hospitali ndiye wa kwanza kabisa, atembelewe ndani ya siku 7. Hapo ndipo dawa za zamani na mpya zinapochanganyika.

Wengine WAJA anakagua kwa fomu ya ukurasa mmoja, anatandaza dawa, anapiga picha za lebo zikionekana jina, nguvu na tarehe, anamtumia mfamasia kwa WhatsApp bila jina la mgonjwa, kwa namba ya fomu tu. Mfamasia anasoma picha za nyumba nyingi jioni moja na kupanda mlima kwa zile zenye tatizo. Safari zipangwe na zile za mkoba za chanjo, gari ni moja na mafuta ni yaleyale. Siku ya gulio ni nzuri kwa kupima na kuongea, watu wanashuka wenyewe. Ila dawa zisitoke kwenye begi gulioni. Dawa ya cheti inatoka kwenye jengo lililosajiliwa, kwa cheti. Mfamasia anayetembea na boksi akigawa anavunja sheria anayoilinda.

Vivyo hivyo kubadili dozi. Ukiona kosa, mpigie aliyeandika ukiwa bado umekaa pale, andika jina lake, saa na alichosema kwenye daftari la mgonjwa. Simu isiposhika na hatari ni ya wazi, zuia dozi inayofuata na umpeleke kituoni.

Kupunguza safari, linganisha tarehe. Amlodipini zimebaki 12, losatani 20, metformini za mara mbili 16 ambazo ni siku 8. Kliniki ni siku 30 mbele. Ongeza amlodipini 18, losatani 10, metformini 44. Zote zinakwisha siku moja, anashuka mara moja. Na kwa vijiji vya milimani ambako masika ya Machi hadi Mei hukata barabara, mgonjwa aliyetulia aombewe dawa za miezi 3 mwishoni mwa Februari. CTC, yaani kliniki za VVU, wanafanya hivyo kwa wateja walio imara, miezi 3 hadi 6, na hakuna sababu ya presha kubaki nyuma dawa zikiwepo. Zahanati iandike mahitaji hayo kwenye oda mapema, MSD (Bohari ya Dawa) haiwezi kujua masika yenu.

Malipo ni suala la halmashauri, na takwimu za ukaguzi ndizo zitakazoizungumzia bajeti. Wekeni kumbukumbu.

---

#14 WAJA_Mlalo

Asante sana kwa la mofini, nalifikisha. Kwa watoto naongeza fupi. Dawa mseto ya malaria nyumbani inaharibikia hapa: dozi ya pili inatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, sio kesho; kisha asubuhi na jioni siku 2 zinazofuata, jumla dozi 6. Kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1 kwa dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na zaidi vinne. Inywewe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Akitapika ndani ya saa moja, dozi irudiwe, na familia irudi kituoni kuchukua ya kufidia. Homa ikishuka siku ya pili akina mama huweka vilivyobaki kwa mtoto mwingine. Nahesabu pakiti siku ya nne.

ORS pakiti moja lita moja kamili, chupa ya maji ya dukani ya lita ndiyo kipimo. Ikibaki baada ya saa 24 imwagwe. Zinki siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma.

---

#15 Mtoadawa_Mkata

Dawa zilizokwisha muda na sindano zilizotumika tunazikusanyaje?

---

#16 Songe_Kliniki

Sindano ziingie chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, kama ya sabuni ya maji. Chupa laini ya maji ya kunywa inatobolewa. Ikijaa robo tatu ifungwe na irudi zahanati kuchomwa na taka za kituo. Vidonge vya zamani vichukue kwa ridhaa ya mgonjwa, viorodheshe, asaini, na viende kituoni vitunzwe kando hadi taratibu za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) za kuteketeza. Kuvitupa kwenye choo cha shimo kilicho karibu na kisima, hapana.

Mgonjwa akipata vipele, kuvimba midomo, njano machoni au lo lote jipya baada ya dawa, jaza fomu ya njano ya madhara siku hiyo, hata kama huna uhakika. Andika na jina la kiwanda na namba ya toleo.

---

#17 Mdau_Korogwe

Sawa, nimeelewa upande wa uteuzi wa wagonjwa. Naomba basi mfano wa kadi inayobaki nyumbani, tuipeleke kikao cha wilaya.

---

#18 Mfamasia_Bonde

Karatasi ngumu moja, pande mbili. Mbele: mistari ya dawa, kila mstari una jina, nguvu, inatibu nini kwa neno la nyumbani ("presha", "sukari", "maumivu"), na michoro minne: jua linachomoza, jua utosini, jua linazama, mwezi. Chini ya kila mchoro chora duara kwa kila kidonge, nusu duara kwa nusu kidonge. Zile 1x3 na 2x2 za kwenye bahasha zibaki za kwetu, mgonjwa asiachiwe azifumbue. Bandika kidonge kimoja halisi kwa selotepu pembeni, na kibandikwe upya kiwanda kikibadilika, kwa sababu rangi ikigeuka mzee anadhani amepewa dawa nyingine.

Nyuma: dawa alizoachishwa, zimeandikwa kwa wino mwekundu na tarehe. Dawa zinazomdhuru. Vipimo vitatu vya mwisho vya presha na sukari. Siku za kusimamisha dawa akiharisha. Namba ya simu ya zahanati na ya mfamasia. Tarehe dawa zote zinapokwisha.

Ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na kutundikwa ukutani mbali na jiko, aliko mtu anayempa dawa, maana mara nyingi mwenye kuhitaji kuisoma ni mjukuu. Nakala ibaki kwenye jalada la zahanati. Nitaweka mchoro wake hapa kesho jioni, atakayetaka kurekebisha arekebishe kabla ya kikao.